Mali Bila Daftari: Habari za Hazina ya Kenya

Msomaji mwema, bila shaka umepata kuwasikia wazee wakisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yanukia duka na ghala, lakini maana yake ni pana kuliko duka lolote. Mtu mmoja akipoteza mali yake kwa kutoandika hesabu, hasara ni yake na ya watoto wake. Taifa likipoteza mali yake kwa njia hiyo, hasara humfikia mgonjwa aliyelala hospitalini bila dawa, na mwanafunzi aketiye sakafuni kwa kukosa dawati. Kwa sababu hiyo kila taifa huweka mtunza mali na mtunza daftari. Kwetu Kenya mtunzaji huyo huitwa Hazina, na jumba lake lipo Barabara ya Harambee, mjini Nairobi.

Watu wengi huijua Hazina kwa siku moja tu ya mwaka, siku ile ya mwezi wa Juni ambapo waziri huonekana akiinua mkoba mbele ya wapiga picha, kisha akaingia Bungeni kuisoma bajeti. Jioni yake watu huulizana: Sukari imepanda? Mafuta yamepanda? Maswali hayo ni ya haki. Walakini anayeuliza bei tu hajauliza swali kubwa kuliko yote, nalo ni hili: Ni nani mwenye mamlaka ya kuamua nani atoe, atoe kiasi gani, na kilichotolewa kitumiwe kwa kazi gani? Historia ya Hazina yetu ni historia ya jibu la swali hilo. Nifuate, tuanzie pwani.

Zamani, kabla ya ukoloni, forodha za pwani yetu zilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Sultani hakukusanya ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara tajiri, kwa kawaida Mhindi, ambaye alimlipa kila mwaka kiasi walichopatana, naye akajitwalia ziada yoyote iliyopatikana. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoletwa na Wamarekani uliwekwa kuwa asilimia 5. Mpango huo ulikuwa mwepesi, lakini ulikuwa na kasoro moja. Daftari lilikuwa mikononi mwa mpangaji. Mwenye mali alijua alicholipwa. Hakujua kwa yakini kilichokusanywa. Msomaji, ikumbuke kasoro hiyo, maana tutakutana nayo tena mbele ya safari.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme ya kuendesha shughuli katika nchi hizi. Ilikuwa kampuni ya biashara iliyopewa kazi ya serikali, na haikuchukua muda kuona kwamba kutawala kwataka fedha nyingi kuliko faida ya pembe za ndovu. Mwaka 1895 ikashindwa, na Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi iwe himaya yake. Kampuni ikalipwa pauni 250,000 ili iondoke. Jambo la ajabu ni kwamba katika fedha hizo, pauni 200,000 zilitoka katika mali ya Sultani wa Unguja mwenyewe. Uingereza ikaahidi kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kila mwaka kwa ajili ya ukanda wa pwani, pamoja na pauni 6,000 ambazo ni riba ya zile fedha zake. Hivyo Himaya ya Afrika Mashariki ilizaliwa ikiwa na deni tayari mgongoni.

Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika ukingoni mwa ziwa, mahali tunapopaita Kisumu. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, fedha za walipa kodi wa Uingereza. Kwa miaka mingi Hazina ya London ililazimika kuisaidia himaya hii kwa fedha kila mwaka, mpaka ilipofika mwaka 1912. Mabwana wa London hawakufurahia jambo hilo. Walitaka nchi ijilishe yenyewe, na walipotazama huku na huku kutafuta nani ailishe, macho yao yaliangukia vibanda vya wenyeji.

Ndipo ilipokuja kodi ya nyumba mwaka 1901. Ilianza kwa kiasi kidogo, ikapanda hadi rupia 3 kabla ya mwaka 1910. Ilitozwa kwa hesabu ya nyumba, hivyo mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipa mara tatu, na mjane naye hakusamehewa. Watu walipoanza kusongamana katika nyumba chache ili wapunguze mzigo, serikali ikatoa dawa nyingine: mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa, iliyomwandama mwanamume asiyekuwa na nyumba. Mwanzoni wengine waliruhusiwa kulipa kwa mifugo au kwa kazi, lakini baadaye kilichotakiwa kilikuwa fedha taslimu.

Sasa tafakari. Mtu aliyelima mtama wake, akafuga mbuzi wake, akaoa kwa ng'ombe, atapata wapi fedha taslimu? Njia iliyo wazi ilikuwa moja: aende kufanya kazi katika shamba la mlowezi, au katika reli, au mjini. Wakubwa wa wakati ule hawakuificha nia hiyo. Kodi ilikuwa na kazi mbili: kuijaza Hazina, na kumtoa mtu kwake aende kutafuta ujira. Kwa hiyo unaposoma kwamba Hazina ni mfuko wa serikali, ujue kwamba mfuko huweza pia kuwa mjeledi.

Sasa tufike mwaka 1921. Katika ofisi za Hazina mjini Nairobi alikuwamo kijana mmoja wa Kiafrika aliyefanya kazi ya kupokea na kuunganisha simu. Jina lake Harry Thuku. Siku kutwa aliunganisha sauti za wakubwa waliokuwa wakipanga mapato na matumizi ya nchi, na jioni alirudi mtaani kwa watu waliokuwa wakizilipa fedha hizo. Nyakati zilikuwa ngumu. Rupia ilikuwa imeondolewa, ikaja florini, na kisha shilingi. Kodi ilikuwa imefika shilingi 16. Na waajiri wa Kizungu wakakata shauri kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Juu ya hayo kulikuwa na kipande, ambacho kila mwanamume alilazimika kukichukua. Thuku na wenzake wakaunda chama, wakafanya mikutano, na Thuku akasema waziwazi juu ya kodi, ujira, kipande, na wanawake na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi. Serikali ikamtaka achague baina ya kazi yake na siasa yake. Akaiacha simu ya Hazina.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Tarehe 16 umati mkubwa ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kutaka aachiliwe. Wanaume walipositasita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakaripia, na wanawake wakasonga mbele. Risasi zikafyatuliwa. Watu wasiopungua 20 walikufa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alihamishwa akapelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni miaka mingi. Lakini kodi ikateremshwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Katika mwaka huohuo wa 1922 jambo jingine lilitukia, nalo halikumwaga damu. Serikali ilikuwa imejaribu kuwatoza matajiri, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, kodi ya mapato. Walowezi wakapinga katika Baraza la Kutunga Sheria, katika magazeti, na katika karamu za wakubwa, na kodi hiyo ikafutwa. Haikurudi ila mwaka 1937. Ziweke habari hizi mbili ubavu kwa ubavu. Waliokuwa na viti katika Baraza waliondoa kodi yao kwa maneno. Wasiokuwa na viti walipunguziwa yao baada ya kuzika maiti. Baraza lilikuwa limeanza kukutana mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kwa muda wa zaidi ya miaka 35 Mwafrika alilipa, na hakuwamo chumbani ilipohesabiwa fedha aliyolipa.

Uhuru ulipokaribia, ufunguo wa Hazina ulianza kuhama mikono. Mwaka 1962, katika serikali ya mseto, James Gichuru alifanywa Waziri wa Fedha, naye akaendelea na wadhifa huo baada ya bendera kupandishwa tarehe 12 Disemba 1963. Usidhani alikuta sanduku limejaa. Alikuta nchi iliyotoka katika miaka ya hali ya hatari, wenye mitaji wakipeleka fedha zao ng'ambo kwa hofu, na watu maelfu kwa maelfu wakingoja ardhi. Ardhi ya walowezi ilinunuliwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mikopo, na wakulima waliogawiwa mashamba walitakiwa walipe. Wengi waliuliza, na swali lao halikuwa la upuuzi: Vipi mtu alipie shamba la babu yake? Hazina ilijibu kwa lugha ya Hazina, kwamba deni lina tarehe. Kutoka hapo tunajifunza kwamba bendera huweza kubadilishwa usiku mmoja, lakini daftari huendelea ukurasa baada ya ukurasa.

Jambo kubwa la miaka ile lilikuwa sarafu. Tangu mwaka 1919 fedha za Afrika Mashariki zilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoanzia London. Mwaka 1966 Kenya ikaanzisha Benki Kuu yake, na tarehe 14 Septemba mwaka huo noti za kwanza za shilingi ya Kenya zikatolewa. Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hazina huomba, hukusanya, hugawa na hukopa kwa niaba ya serikali. Benki Kuu hutoa sarafu na kulinda thamani yake. Ikiwa mwenye kutumia fedha ndiye pia mwenye kuichapa, siku moja atachapa kuliko inavyopasa, na shilingi ya mnyonge itayeyuka mfukoni mwake.

Mwaka 1969 wizara ilikabidhiwa kwa Mwai Kibaki, aliyeishika hadi mwaka 1982. Katika zamu yake bahari ilichafuka. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa; kwa muda mfupi wakulima wetu wakaonja utamu wa soko, nayo Hazina ikanenepa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikalazimika kubeba peke yake reli, bandari na posta zilizokuwa za pamoja. Kisha bei ya kahawa ikashuka, lakini matumizi yaliyopanda pamoja nayo hayakushuka. Hiyo ndiyo tabia ya matumizi, katika nyumba yako na katika serikali.

Kutoka hapo tukaingia katika miaka ya kukopa kwa masharti. Mwaka 1980 Kenya ilipokea kutoka Benki ya Dunia mkopo uliofungamana na amri ya kurekebisha uchumi, na mikopo ya namna hiyo ikafuatana. Wazazi wa wakati ule walijifunza maneno mapya, kama vile kugharimia kwa pamoja, ambayo maana yake hospitalini na shuleni ilikuwa kwamba mwananchi alipe zaidi. Mapema katika miaka ya 1990 ikatokea kashfa ya Goldenberg. Mabilioni ya shilingi yalitolewa kuwa malipo ya motisha kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali Kenya haichimbi almasi. Shilingi ikaporomoka, bei zikapanda, na mama aliyekuwa akinunua unga hakujua kwamba alikuwa akilipia almasi ambayo haikuwapo. Je, waikumbuka ile kasoro ya forodha ya kale? Mwenye mali hakuliona daftari.

Lakini historia si masikitiko matupu. Tarehe 1 Julai 1995 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilianza kazi, na ukusanyaji uliokuwa umetawanyika katika idara mbalimbali ukatiwa chini ya paa moja. Mwezi wa Januari 2003 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Watoto wakafurika shuleni, na katika shule moja ya kijiji cha Kapkenduiywo, Eldoret, akaja mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akiwa amevaa sare ya mwanafunzi. Watu wa dunia nzima walistaajabu kumwona. Wachache walistaajabu kwamba nyuma ya dawati lake kulikuwa na mstari katika kitabu cha bajeti. Lakini ndivyo ilivyokuwa: shule ile ilifunguka kwake kwa sababu kodi ya watu wengi ilimlipia karo mmoja.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hii iliweka Hazina ya Taifa kwa jina, ikaandika kanuni zake. Yasema kwamba fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha wananchi. Kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Na kwamba faida na mzigo wa deni ligawanywe kwa usawa baina ya kizazi kilichopo na vizazi vijavyo. Iliunda kaunti 47, ikaagiza kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kipimo cha hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Ikaweka pia walinzi wawili. Mdhibiti wa Bajeti husimama mlangoni kabla ya fedha kutoka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baada ya kutumika, akauliza zilikokwenda.

Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ifikapo tarehe 15 Februari, Hazina hulipelekea Bunge taarifa ya sera ya bajeti, ieleze mwelekeo wa mwaka unaokuja. Kufikia mwisho wa Aprili huleta makadirio ya mapato na matumizi. Wabunge huyachambua katika kamati, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Muswada wa kugawa mapato huamua fungu la taifa na fungu la kaunti. Muswada wa Fedha huamua kodi. Muswada wa matumizi huipa kila wizara ruhusa ya kutumia. Ule mkoba wa Juni, msomaji, ni tamati ya safari ya miezi mingi. Anayengoja mkoba ndipo aanze kusema amechelewa, kama mtu ajaye shauri la ndoa siku ya harusi.

Na bado kuna deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2014 Kenya iliuza kwa mara ya kwanza hati za mkopo katika masoko ya dunia, ikapata dola bilioni 2. Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China. Mkopo si dhambi. Barabara na bwawa la umeme vitawatumikia watoto wetu, kwa hiyo si dhuluma watoto nao wachangie. Dhuluma ni kukopa kwa ajili ya karamu ya leo na kumwachia mjukuu sahani za kuosha. Riba inapokua, hula kwanza, kabla ya mwalimu na kabla ya daktari. Na ndipo Hazina hugeuka tena kumtazama mlipa kodi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kuongeza kodi, na vijana, wengi wao hawajafika miaka 30, wakausoma mstari kwa mstari, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaupinga. Tarehe 25 Juni walijaa barabarani, na baadhi yao wakaingia katika majengo ya Bunge. Risasi zikafyatuliwa, na watu wakafa. Siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Miaka 102 ilikuwa imepita tangu Nyanjiru aanguke katika mji uleule wa Nairobi, kwa sababu ambayo mzizi wake ulikuwa mmoja. Ukoloni ulikuwa umekwisha, viti vya Bunge vilikuwa vyetu, Katiba ilikuwa yetu. Hata hivyo kodi iliteremshwa tena baada ya mazishi.

Kwa nini? Kila mtu ana jibu lake. Jibu langu ni kwamba daftari la taifa limefunguliwa kwa sheria, lakini halijazoewa kusomwa kwa desturi. Sheria yasema mwananchi ashirikishwe. Desturi humwita siku mbili kabla, katika ukumbi wa mbali, ampe kitabu kinene asichoweza kukimaliza. Mwananchi naye, kwa upande wake, hulalamika Juni na kulala Februari. Vijana wa mwaka 2024 walitenda jambo ambalo laweza kuiponya desturi hii, nalo ni kusoma. Laiti kusoma kule kungeanza mapema, na kungepata sikio mapema, pengine wengine wao wangalikuwa hai.

Msomaji mwema, wewe uliye darasani leo utakuwa mlipa kodi kesho. Na kwa kweli umekwisha kuwa, maana kila ununuapo kalamu ya wino dukani kuna senti iendayo Barabara ya Harambee. Jifunze hesabu, si kwa ajili ya mtihani peke yake. Ukiona zahanati ya kwenu haina dawa, tafuta fungu lake katika makadirio ya kaunti, uone kama liliandikwa, na kama lilitoka. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikitangazwa, isome ukurasa mmoja unaoihusu kaunti yenu. Harry Thuku aliketi ndani ya Hazina akisikia sauti za wenye mamlaka, wala hakuwa na haki ya kulifungua daftari lao. Wewe haki hiyo unayo, na ililipiwa bei kubwa. Mali ni yako. Lifungue daftari.